Bahari ya Parsaoti

S.L.P. 87,
Kitengela.
14 Septemba 2003

Mpendwa ndugu yangu Masila,

Pokea salamu kutoka hapa Noonkopir. Mke wako na watoto wanaendeleaje na hiyo baridi ya Uingereza? Sisi ni wazima, ila magoti ya mama yanamsumbua. Vumbi nalo limeingia hadi kwenye sukari.

Gazeti la kanisa lenu ulilotuma lilifika. Hayo uliyoandika kuhusu utoto wetu nimeyasoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani ni ya mtu mwingine. Eti kila Disemba baba alitupeleka Mombasa! Eti ulijifunza kuogelea mgongoni mwake! Wewe Masila, uliyekuwa ukilia ukiona maji ya karai?

Disemba tulipelekwa Kajiado, kwa Parsaoti mpiga picha, karibu na soko la mifugo. Bahari ilikuwa pazia lililochorwa, na mnazi uliozaa kitu kama maboga. Alimwaga mchanga wa mto sakafuni, tukavua viatu. Baba alishika tyubu ya lori, mama akasimama kando na kitambaa chake cha kanisani. Mbuzi wanalia nje, Parsaoti anatupigia kelele, "Chekeni basi, mkae kama watu wako na raha!" Hiyo ndiyo picha uliyowapa watu wa huko waiweke gazetini. Nimeona umekata kona iliyoonyesha ukingo wa pazia. Kumbe mkasi unaujua.

Hayo ningekuachia, kwani kujigamba hukuanza leo. Kilichonichoma ni barua yako. Unasema mnakuja Disemba, mtalala hapa siku moja, kisha mwende Mombasa "kukumbuka zamani". Eti mama asijichoshe na safari, bahari ameiona vya kutosha. Utamletea maji yake kwenye chupa akande magoti.

Nilimsomea mama kabla sijaipitia mwenyewe, na hilo ni kosa langu. Aliendelea kuchambua ndengu. Halafu akauliza, "Kwani Masila amesahau mimi sijawahi ona bahari?" Kesho yake nikamkuta ameosha chupa ya plastiki na kuianika uani, isije ikakosekana ukifika.

Nilikuwa nikikuona mjinga tu. Sasa naona haya kuitwa dada yako. Umewadanganya watu mpaka ukauamini uongo wako mwenyewe, na anayeachwa nyumbani ni mama wa miaka sabini.

Gari lenye nafasi ya mabegi yenu lina nafasi ya mama. Usipomchukua, watoto wako nitawapeleka Kajiado mimi mwenyewe, wakaione bahari aliyoogelea baba yao. Pazia bado liko, limeliwa na panya kidogo.

Msalimie mkeo, na binamu yetu Nthambi ukimpigia simu. Mungu awafikishe salama, na wewe akuongezee aibu. Chupa usihangaike nayo. Mama ataibeba, na maji atateka kwa mkono wake.

Dada yako akupendaye hata hivyo,
Ndunge