Mita Moja, Milango Sita

Jumatatu, 3 Machi
Jiji zima hakuna kichwa kama changu. Shule niliiacha kidato cha pili – walimu mpaka leo hawajapoa! Bili ya maji imekuja. Shangazi kaisoma mara mbili, kakaa chini. Anafulia watu nguo, bila maji hatuli. Mwezi ujao ikiwa hivi, kasema, anaacha kufua. Uani tuko milango sita, kila mlango na familia yake, mita moja. Tumetumia uniti thelathini. Sawa. Lakini jirani wa ghorofani, yeye na mkewe na mbwa, katumia kumi na tano, na kila uniti yake ni nafuu kuliko yetu! (Karatasi ilikuwa imechomekwa getini. Sikuiba, nilisoma.) Mbona? Maji si yaleyale?

Jumanne, 4 Machi
Nimemvizia msoma mita. Tunamwita Kobe, kwa mwendo wake. Bei inapangwaje, mzee? Akacheka. "We dogo, miaka kumi na moja napita humu, wewe wa kwanza kuuliza." Akanichorea vumbini kwa kidole. Ukiishia uniti tano, bei ya huruma. Mpaka ishirini, bei ya kati. Ukivuka hapo wewe ni mtumiaji mkubwa – uniti zote bei mara tatu.
Mtumiaji mkubwa! Sisi wenye choo kimoja! Thelathini kwa milango sita ni tano tano, mbona rahisi. Kobe kasema ipo fomu ya mita ya pamoja, mnahesabiwa kwa milango. Sasa mbona hamsemi? Eti hawajaagizwa kutangaza.

Jumatano, 5 Machi
Kuanzia leo mita naisoma mwenyewe, kila asubuhi. Kioo kilikuwa na ukungu, tarakimu hazionekani. Nimekifuta mpaka kinang'aa. Tena kwa ndani! Fundi ni mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Ofisi ya maji. Dada wa dirisha la tatu: fomu zimekwisha. Jedwali la bei je, dada? Akanyoosha kidole ukutani – nyuma ya kabati! Nikaomba lisogezwe.
"Kwani wewe ni nani?"
"Mtumiaji mkubwa."
Foleni nzima ikaangua kicheko. Wababa wawili wakaja tukasukuma. Jedwali hilo, na buibui wake! Watu wakalipiga picha kwa simu, wakaanza kuulizana nyumba zao ziko milango mingapi. Na fomu nazo zikapatikana, ghafla bin vuu! Wakaguzi watakuja kutuhesabu.
Shangazi leo kaniita baba. Mimi! Baba!

Jumatano, 12 Machi
Wamekuja. Wakaguzi wawili, na Kobe nyuma yao. Wakahesabu milango: sita. Yule mrefu akaandika, akasema mwezi huu tunahamia bei ya huruma. Wamama wakapiga vigelegele. Mimi nikapanua kifua.
Kisha akainamia mita. "Lakiri iko wapi?"
Lakiri ni kile kiwaya chenye kidonge cha bluu kinachofunga kifuniko. Kimekatwa. Ikikatwa, kasema, kuna anayeiba maji – au msoma mita anakula na wapangaji. Wamefunga maji mpaka mtu ajulikane. Shangazi ana mabeseni manne ya nguo za watu, zote na povu lake.
Kobe kasema hajaigusa. Mrefu akamjibu, mita hii nani mwingine anaifungua? Kobe akanitazama. Akaomba karatasi.
Sasa kakalia ndoo iliyopinduliwa, anaandika maelezo. Polepole, kama anavyotembea. Kazi yake ya miaka kumi na moja iko kwenye karatasi ile. Nipo ndani, namwona dirishani. Shangazi ananiita: "Baba, njoo! Wewe si ndiye mwenye maswali? Waulize basi nani kakata!"
Jumatano ile niliandika kioo. Kisu sikukiandika. Kile kiwaya nilikikata mimi.