Kistari Kinachomngoja Babu

Ndosho, Goma, Jumanne

Yaya Nyiramahirwe, dada yangu mkubwa,

Kabla hata ya salamu, nakuomba: barua hii isome peke yako, kisha itie motoni. Ikimfikia Muzee kabla hujazungumza naye, atanikana kuwa mwanawe.

Mko salama huko Kibumba? Mgongo wa Mama unaendeleaje, na viazi vimestahimili mvua? Sisi tunapumua, ila nimechoka, Yaya. Kutwa nzima nawachapia watu vyeti. Umeme ukikatika nangoja, ukirudi naanza upya.

Nasema “sisi” kwa sababu nina mutoto. Ni wa kiume, alizaliwa mwezi uliopita. Mama yake ni Joviale, yule niliyemwambia Muzee kuwa ni jirani tu. Unakumbuka alivyoapa kwamba mke wangu atatoka kwenye milima anayoifahamu yeye, na Joviale ni Mushi, mutu wa kabila la huko Bukavu.

Baba yake Joviale, papa Munguakonkwa, anakaa Mabanga, hapa hapa Goma. Alitufokea mpaka sauti ikamkauka, halafu akapewa mutoto ambebe, hasira ikamwisha. Akampa jina la marehemu kaka yake, Cirimwami. Kisha akauliza babu wa upande wetu amempa jina gani, maana mutoto si pikipiki ya kuazima. Lazima ajulikane ni wa nani na nani.

Kwa woga nilikimbilia kazi yangu. Nikachapa cheti cha mutoto, nikianza na Gradi, jina tulilompa sisi wenyewe: Gradi Cirimwami-. Kistari, halafu nafasi tupu. Mama Vanessa, mkubwa wetu wa biro ya kuchapia, alicheka, akasema nimemuotesha mutoto mkia. Papa Munguakonkwa, nilipompelekea cheti, hakucheka, alitaka aelezwe. Nikamweleza kama tulivyofundishwa shuleni: Wagiriki wa kale walikichora chini ya maneno mawili, kama kamba iliyobeba mizigo miwili, ili yasomwe kwa pumzi moja. Siku hizi tunakiweka katikati, kama katika Nord-Kivu, au katika jina langu mwenyewe. Na kikikaa mwisho wa mstari, kinamwambia msomaji asiishie hapo, kilichobaki kinakuja. Alikigusa kwa kidole, akauliza hicho kilichobaki kiko wapi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimwambia Muzee anajua yote, amefurahi, anatafuta jina linalofaa. Yaya, alinikumbatia. Sasa amenunua kreti ya bia, na Jumapili anapanda Kibumba kumshukuru Muzee na kulisikia jina hilo kwa masikio yake. Nilijaribu kumtisha kwa habari za barabara. Akanijibu kwamba mutu haogopi kwenda kwa ndugu zake.

Nakusihi, ongea na Muzee kabla ya siku hiyo, asubuhi akitoka kukama, ndipo moyo wake huwa laini. Usimwombe anisamehe. Mwombe jina tu. Mwambie mjukuu wake analala ngumi ikiwa shavuni, kama yeye.

Mama msalimie sana, lakini usimwambie bado. Atalia, na Muzee atauliza kisa.

Usinijibu kwa maandishi. Ijumaa Léonie, jirani yenu, anateremsha viazi vya kuuza Ndosho. Mpe jina kwa mdomo. Afike penye mafundi wa vitanda, amuulize karani wa miwani, nitatoka nje. Kama Muzee amekataa, asiseme kitu. Aniuzie viazi kama mteja yeyote. Nitavibeba moja kwa moja hadi Mabanga, nikamwambie papa Munguakonkwa asipande.

Mdogo wako,
Jean-Damascène