Aliyeacha Kutafuta

Mutsamudu, 9 Machi 1984

Mpwa wangu Koulthoum,

Nakusalimu kwa amani. Sisi ni wazima, na karafuu zimekauka vizuri. Barua hii ameibeba mkononi Chabane, anayesafiri kuja huko, maana mamluki walioko uwanja wa ndege wa Ouani hufungua bahasha.

Uliponiandikia mwaka jana, ulieleza kazi yako ya kuwahesabu wanawake wa Marseille wasio na ajira. Anayetafuta kazi huhesabiwa. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta haingii katika hesabu hata kidogo.

Juzi nilimjaribu mama yako kwa swali lenu la kuhesabia: “Wiki iliyopita ulifanya kazi?”

Alikuwa akidarizi kofia ya tatu kwa ajili ya ndoa kubwa ya Moindjié huko Moroni. Hakuinua macho. “Kaka, mimi nina kazi gani? Nimekaa tu.”

Nilicheka. Naye akauliza, “Na mwanangu, anafanya kazi?”

Nikazitoa barua zako. Mwezi wa Novemba uliandika kwamba ofisi imewapunguza na kwamba unatafuta. Mwezi wa Januari uliandika, “Napumzika, Mjomba.” Kanuni ulinifundisha mwenyewe, kwa hiyo nimekuelewa. Kuacha kutafuta si kosa, lakini kutuficha ni kosa.

Jumatatu utoke ukatafute tena. Ukikosa, urudi. Kwetu nyumba ni ya binti, na yako imekwisha kuezekwa. Fundi anataka kupaka milango rangi, na mama yako amemzuia mpaka mwenye nyumba achague mwenyewe.

Mimi mjomba wako,
Houmadi