Vidonge Alivyonifichia Mume Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi! Vidonge vya usingizi vya daktari vilinilaza, kweli — lakini asubuhi nikawa gogo. Kazini, kiwandani kwa nguo, nimekata mikono ya sare, yote ya kushoto. Bosi kasema nikirudia, meza ya kukatia naiaga. Sasa mshauri wa usingizi anataka niache vidonge, nijizoeze upya: kitanda ni cha kulala tu, usingizi usipokuja nitoke, mchana nisisinzie. Eti mwanzoni nitaumia zaidi. Asante sana, dada! Vidonge nimempa mume wangu afiche. Hata nikikupigia magoti, nimemwambia, usinipe.

Alhamisi, 7 Machi
Natoka kitandani, narudi, natoka. Mume wangu anakoroma tu! Zamani hata paka akipita juu ya bati alishtuka. Leo mama mkwe kanipigia simu: mwanamke hahami kitanda cha mumewe bila sababu. Nani kampelekea habari? Nikakata. Na huyo mwanawe, jioni kakwangua basi la shule kwenye nguzo ya geti. Dereva mwenye uzoefu wa miaka kumi na mbili! Eti jua lilimpiga machoni. Nimemcheka makusudi.

Jumapili, 10 Machi
Nimelala! Masaa manne mfululizo, bila kidonge. Mshauri nimemsamehe nusu.

Jumatatu, 11 Machi
Msamaha nimeufuta. Usiku kucha macho makavu. Asubuhi nikamwambia mume wangu, lete vidonge, mshauri aende zake. Akababaika. Nikatafuta mwenyewe, nikakuta karatasi ya vidonge ndani ya kiatu chake cha harusi — tupu!

"Unaingia, unatoka, unaingia," akasema. "Na mimi ni mtu, mama watoto. Nitalala saa ngapi?"

Nikaikumbuka ile nguzo ya geti. Cha mwisho umemeza lini? Alfajiri, anasema. Alfajiri ya leo! Na basi liko hapo uani, watoto wa watu wanalisubiri barabarani, binti yetu keshakaa kiti cha mbele.

Nimenyakua funguo, nimejifungia chooni. Daftari hili nalificha humu, basi naandika, la sivyo nitampiga mtu. Anagonga. "Mama watoto, lete funguo, nachelewa." Sileti! Binti anapiga honi. Anagonga tena, polepole. "Nachelewa..."

Sasa hagongi. Honi inalia. Na yeye, hapo hapo mlangoni, anakoroma.