Ngolo Mbele ya Mlango

Kota za Kinu cha Zamani,
S.L.P. 41,
Mbinga.
14 Aprili 1999

Mpendwa Shangazi Hildegardi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, pamoja na Urbani na Hyasinti. Je, kile kifua kimekuacha? Sisi hatujambo. Bibi miguu inamsumbua asubuhi, jua likitoka anaisahau. Baba hajapanda huku tangu Krismasi. Yuko Lipingo na biashara yake ya dagaa wa usipa, na mvua imekata barabara ya ziwani.

Mimi nimekaa tu tangu nimalize kidato cha nne. Asnath, niliyekuwa naketi naye dawati moja, amehama, maana baba yake amepelekwa kazini Singida. Katika kota saba tumebaki sisi na mzee Raimundi mlinzi. Kuna siku sisemi na mtu hadi jioni, isipokuwa Bibi, naye hujibu kwa kichwa.

Sasa nikueleze habari ya kinu. Unajua kilisimama baada ya wanunuzi binafsi kuanza kuchukua kahawa vijijini, chama cha ushirika kikakosa cha kukoboa. Mwezi wa pili tuliitwa mkutanoni. Halmashauri itatoa eneo lote, kwa kuwa liko karibu na katikati ya mji, na kampuni kutoka Dar es Salaam itatoa mtaji. Watajenga soko, maduka na stendi. Kampuni itaendesha kwa miaka ishirini, kisha vyote virudi halmashauri. Wanauita ubia. Mimi sikuona ubaya. Paa la kinu limetoboka, na akina mama wanauzia ndizi kwenye matope. Tena walisema wanaoishi kwenye kota watajengewa nyumba kwingine. Wenye mashamba watalipwa mazao yao tu.

Bibi hakwenda. Aliposikia kwangu kwamba wapimaji wanakuja, akachukua jembe. Kufyeka ni kazi ya wanaume, lakini mwanaume hatuna, nikafyeka mimi. Tukayalaza majani miraba miraba kama tunavyofanya mlimani Mpepai, yeye akachimba na kufukia. Tulianzia nyuma, kwenye mteremko wa kijito, tukaishia mbele ya mlango. Mashimo ya ngolo na matuta yake kila upande. Alisema penye ngolo za mtu hakuna anayeingia bila kuomba, na unajua kwetu ndivyo ilivyo. Nami nilifurahi, Shangazi, maana siku zile tatu Bibi aliimba.

Mpimaji wa halmashauri, Bwana Festo, si mtu wa huku, hivyo nilikuwa natafsiri. Aliuliza hapa ni nini. Bibi akanyoosha mkono juu ya ngolo zake, akasema kwa Kimatengo kuwa ni shamba lake. Nikatafsiri hivyo hivyo. Kota nyingi ni tupu, akadhani na ile iliyo nyuma yetu ni tupu.

"Ni hilo tu?" akaniuliza.

Nilijua ilinipasa kusema kuwa tunaishi humo. Nilitazama chini, nikasema ndiyo. Bibi akaweka dole gumba, mimi nikatia sahihi ya shahidi.

Ijumaa iliyopita orodha zilibandikwa. Kwenye nyumba yumo mzee Raimundi peke yake. Bibi yumo kwenye mashamba. Yeye anajua tu kwamba jina lake limetoka, na kanisani amewaambia wenzake kuwa ngolo zimeilinda nyumba. Mzee Raimundi anamtania, anamwita mama mwenye soko. Wanacheka, nami nacheka nao. Sijamwambia mtu.

Jana nilikwenda ofisini. Nilisimama nje mpaka watu wote wakaisha.

"Ingia, binti," akasema Bwana Festo. "Si wewe mkalimani?"

"Tunaishi pale," nikamwambia.

Ni maneno mawili tu, lakini niliyasema. Hakukasirika. Mapingamizi yanapokelewa hadi mwisho wa mwezi. Anataka barua ya kupewa kota, na akirudi kuangalia akute uwanja wa nyumba mbele ya mlango, siyo shamba.

Barua hiyo ya marehemu Babu Mansuetus uliichukua wewe baada ya mazishi, pamoja na karatasi zake za ufundi. Nakuomba uitume kwa rejista mara tu upatapo hii.

Maharage yameshaota mpaka kizingitini. Nikitoka asubuhi napita kwa ncha za vidole nisiyakanyage. Bibi hajui kuwa itabidi tuyang'oe. Nilitaka kukuomba uje umwambie wewe uliye mwanawe. Niliandika ombi hilo mara mbili, nikalifuta. Nitamwambia mwenyewe Jumapili tukitoka misa, kwa Kimatengo, wala sitaacha neno.

Uwasalimie Urbani na Hyasinti, na Mama Tereza jirani yako aliyetuletea asali. Bibi anakusalimu, ameniuliza ninachoandika, nikamwambia ni habari za maharage. Mama Bikira Maria awafunike nyote kwa joho lake.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukukumbuka,
Ephrasia