Nane, Tisa, Kumi

Mwaka umetimia, Baba, tangu simu ya mezani ilipolia saa nne asubuhi kama kawaida, nawe ukiwa upande wa pili, kilomita mia nane kutoka hapa, kwenye kituo cha nyuzi za mwanga zinazosafirisha sauti za simu.

Kazi yako ulitueleza kwa punje za maharage. Mwanga huondoka umepangwa, ulisema, lakini safari ndefu huuvuruga. Mapigo yake hutanuka, la nyuma likalikanyaga la mbele, na huko mwisho hakuna anayejua lipi ni lipi. Wewe uliweka njiani koili ya uzi wa kioo wa aina nyingine, unaochelewesha mwanga wenye haraka ili uliobaki nyuma uufikie. Ulijisifu kwamba unawapanga wakaidi foleni. Mama akakwambia uanze na wanao.

Mashine hukuziamini peke yake. Ukimaliza kurekebisha, ulimpigia Mama ahesabu moja hadi kumi, taratibu, usikie kama kila namba inafika nzima. Alihesabu miaka kumi na tisa, akiwa na unga mikononi, akiwa na mafua, hata siku mlizonuniana.

Siku ile alikuwa na wageni. Alifika saba, akasema, "Zilizobaki nitakumalizia kesho, mume wangu."

"Haya, nazisubiri," ukamjibu.

Adhuhuri moyo wako ulisimama, penseli ikiwa bado sikioni.

Mama hakupoa, Baba. Kila siku saa nne aliinua simu, akasema nane, tisa, kumi, akasubiri, akairudisha. Laini ilishakatwa zamani. Tulimbembeleza, tukamkemea pia, Mungu atusamehe.

Mwezi uliopita tulimwita fundi mwenzako, yule uliyempa jina la Kinyonga, aje aing'oe simu. Mama alihesabu mbele yake, kisha akampa mkono wa simu. Kinyonga alisikiliza kwa muda mrefu. Akaurudisha mahali pake kwa mikono miwili na kufunga mkoba wa vifaa bila kugusa waya. Sisi hakututazama.

"Zimefika, shemeji," alimwambia Mama. "Zote."

Mama hainui simu tena. Analala vizuri. Sisi ndio tunaoiogopa sasa. Ikifika saa nne nyumba nzima hunyamaza.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, dada yako na mafundi wenzako wa kituoni. Hatutakusahau, Baba. Simu tumeiacha palepale.