Msumari Mtupu wa Kocha Anders Tollefsrud

Mwaka umetimia, Anders mwanangu, tangu utoke uwanjani wakati wa mapumziko usirudi tena. Moyo wako ulisimama ukiwa peke yako katika chumba cha makocha, hapo Chuo cha Lindgrove, timu yako ikiongoza.

Ulikuwa mtoto wa kelele. Ulifundisha mpira wa kikapu hata mezani kwangu: kichupa cha chumvi mlinzi, cha pilipili mshambuliaji, na baba yako akinyoosha mkono achukue siagi unamwambia anavuruga ulinzi. Theluji ikianguka, ulisafisha kwanza njia ya Bi Overby, mjane wa jirani, ndipo ukakumbuka yangu. Nikilalamika, unasema, "Wewe una koleo, Mama. Na mdomo pia."

Desturi ya Lindgrove unaijua. Kocha mkuu hugongelea msumari wake mwenyewe ukutani siku anapoajiriwa, na picha yake hutundikwa hapo siku anapoondoka. Mzee Halvorsen, wa kwanza, aliwafundisha vijana wa mashambani wakicheza wamevaa makoti kwa baridi. Aliyemfuata alifukuzwa kwa simu. Wa tatu alishinda kila kitu akahamia chuo kikubwa, na mji haujamsamehe mpaka leo. Msumari wako wewe ulikwenda upande. Ulicheka, ukasema utakaa pale mpaka uote kutu.

Msumari huo bado mtupu, kwa sababu picha sijaitoa. Bwana Rask, mkuu wa michezo, ameiomba kwa upole. Nikamwambia ukuta wake hauna haraka. Nels, mdogo wako na msaidizi wako, mpaka sasa ni kaimu tu. Hawezi kugonga msumari wake kabla picha yako haijapanda. Ndivyo nilivyotaka. Sikutaka mwanangu wa pili akalie kiti cha kocha mkuu.

Maana nakusikia. Nikikaa jukwaani, Nels akapaza sauti, inayotoka ni yako. Wachezaji hugeuka, lakini si yeye wanayemtazama. Wanatazama mlango wa chumba cha makocha.

Jumapili iliyopita Nels alikuja kula.

"Mama, kiti hakijaua mtu," akasema.

"Moyo wa kaka yako haukusimama jikoni kwangu."

Akasukuma sahani. Ndipo akanieleza jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Siku ile vijana walipouliza uko wapi, aliyewajibu ni yeye.

"Niliwaambia, 'Kocha anakuja, nyie chezeni.' Wakacheza, wakashinda. Bado wanamngoja, Mama. Nani atawaambia kwamba haji?"

Nikainuka mezani, nikatafuta kitambaa.

Picha yako nimeifuta vumbi. Jumamosi, kabla ya mchezo, nitaitundika mwenyewe mbele ya vijana wako, na nitawaambia kwa mdomo wangu kwamba huji. Kisha Nels atagonga msumari wake. Ukisikia nyundo, mwanangu, usiinuke. Mchezo wako umekwisha.

Unakumbukwa na mama yako Ardis, baba yako Gorman, mkeo Maja, binti yenu Signe, mdogo wako Nels, Bi Overby wa jirani, na vijana wote waliowahi kukaa kwenye benchi lako.

Hutatutoka moyoni daima.